Kufuli la baiskeli lililouzwa Jumapili: uchambuzi wa kisa cha Big M Drug Mart

Jumapili ya tarehe 30 Mei 1982, polisi wa Calgary, katika jimbo la Alberta nchini Kanada, waliingia katika duka la Big M Drug Mart wakasimama kuangalia watu wanavyonunua. Waliona vyakula vikiuzwa. Waliona vikombe vya plastiki vikiuzwa, na kufuli la baiskeli. Hakuna mteja aliyepunjwa, hakuna kilichoibwa, wala bidhaa hazikuwa na kasoro. Hata hivyo kampuni yenye duka ilishtakiwa kwa jinai: kuuza bidhaa siku ya Jumapili, kinyume cha kifungu cha 4 cha Sheria ya Siku ya Bwana.

Shauri lilipanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Kanada, na tarehe 24 Aprili 1985 sheria hiyo ikabatilishwa. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa kanisa na duka, na duka likashinda. Simulizi hiyo si ya uongo, ila inaishia njiani. Tarehe 18 Desemba 1986 mahakama ileile iliamua kesi nyingine ya maduka ya Jumapili, safari hii kutoka Ontario, na sheria ya kufunga maduka ikasalimika. Nazisoma kesi hizi mbili kama kisa kimoja, kwa kuwa ile ya kwanza inaondoa swali jepesi na kuacha lile gumu: siku ya mapumziko ikishaamriwa kwa wote, gharama yake hulipwa na nani?

Sheria yenyewe

Sheria ya Siku ya Bwana ilipitishwa na Bunge la Kanada mwaka 1906 na ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 1907. Ukoo wake unarudi mbali, hadi sheria ya Uingereza ya mwaka 1677, enzi za Mfalme Charles II, iliyotaka watu waiheshimu Jumapili kwa ibada na wasifanye kazi zao za kawaida. Huko Kanada iliyoisukuma ni jumuiya ya makanisa ya Kiprotestanti iliyojiita Lord's Day Alliance, na vyama vya wafanyakazi navyo vikaiunga mkono. Muungano huu wa mchungaji na kibarua inafaa uukumbuke, kwa kuwa hoja zao mbili zitakuja kutenganishwa mahakamani baada ya miaka 80.

Kifungu cha 4 kilikataza kuuza, kununua na kufanya shughuli ya kawaida ya riziki siku ya Jumapili, isipokuwa kazi za lazima na za huruma. Sheria ilizitaja kazi hizo: ibada, kuuza dawa, kupeleka habari kwa simu na telegrafu, kutunza maziwa, jibini na mifugo. Hata kutengeneza sukari na sharubati ya mti wa mepo (maple) msituni kuliruhusiwa, maana utomvu haujui siku. Ukiisoma orodha hiyo unaona wabunge walikuwa watu wa shamba, na walijua vizuri ni nini hakingojei Jumatatu. Kwa upande wa Big M, iliyokuwa na dawa katika jina lake, matokeo yake ni kichekesho. Aliyeanguka na baiskeli angeuziwa dawa ya kidonda bila tatizo. Kufuli la kuifungia baiskeli hiyohiyo lilikuwa jinai.

Kwa miaka mingi sheria hii haikutikisika. Mwaka 1963 wenye ukumbi wa bolingi huko Hamilton, Ontario, waliojaribu kuipinga kwa kutumia sheria ya haki za binadamu ya mwaka 1960 walishindwa. Mahakama ya Juu iliona kuwa athari yake kwa mtu asiye Mkristo ni kukosa biashara ya siku moja tu, jambo la mfuko na si la imani. Kilichobadilika ni Katiba. Tarehe 17 Aprili 1982 Kanada ilipata Mkataba wa Haki na Uhuru, wenye nguvu juu ya sheria zote za Bunge, na kifungu chake cha 2(a) kinalinda uhuru wa dhamiri na dini. Polisi waliingia Big M siku 43 baadaye.

Njia mbili, zote zimefungwa

Hapa ndipo kisa kinapokolea, na panahitaji kueleza kidogo mgawanyo wa madaraka. Kwa Katiba ya Kanada ya mwaka 1867, kutunga sheria za jinai ni kazi ya Bunge la shirikisho mjini Ottawa. Mali, mikataba, biashara ya kila siku na masharti ya kazi kwa sehemu kubwa ni mambo ya majimbo. Mwaka 1903 baraza la rufaa la London, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa na neno la mwisho kwa Kanada, liliamua katika shauri la reli ya barabarani ya Hamilton kwamba sheria ya kulinda utakatifu wa Jumapili ni sheria ya jinai, hivyo jimbo la Ontario halikuwa na mamlaka ya kuitunga. Ndiyo sababu Ottawa ikatunga yake mwaka 1906.

Sasa jiweke mahali pa wakili wa serikali mwaka 1984. Ukisema lengo la sheria ni kuwapa watu mapumziko, jambo la kidunia tu, unaambiwa mapumziko ya wafanyakazi wa dukani ni mambo ya majimbo, na Bunge la shirikisho liliingilia yasiyo yake. Sheria inakufa. Ukisema lengo lake ni kulinda Sabato ya Kikristo, mamlaka ya jinai unayapata, lakini unaangukia kifungu cha 2(a). Sheria inakufa vilevile. Kilichoipa uhai sheria hii mwaka 1906 ndicho kilichoiua mwaka 1985.

Palikuwa na njia ya tatu, ya Marekani. Mwaka 1961, katika kesi ya McGowan v. Maryland, Mahakama Kuu ya huko ilishughulika na wafanyakazi wa duka walioshtakiwa kwa kuuza Jumapili faili la karatasi, kopo la nta ya sakafu, mashine ya kubania karatasi na pini zake, na kitu cha kuchezea. Ikakubali kwamba sheria za Jumapili zilizaliwa kidini, ila ikasema kwa kupita miaka zimegeuka kuwa sheria za mapumziko ya kawaida, basi zibaki. Jaji Mkuu Brian Dickson, aliyeandika hukumu ya Big M, aliikataa njia hiyo. Lengo la sheria, alisema, ni lile la walioitunga wakati walipoitunga. Halihami kadiri nyakati zinavyohama. Nakubaliana naye, na sababu yangu ni ya kawaida sana: sheria haiwezi kulala ibada ikaamka likizo. Wabunge wakitaka likizo, wakutane waitunge upya na kura zao zionekane.

Serikali ilijaribu pia kumfungia mlango mshtakiwa. Big M ni kampuni. Haisali, haifungi, haina dhamiri. Itawezaje kulalamikia uhuru wa dini? Jibu la mahakama lilikuwa fupi. Anayeshtakiwa kwa jinai ana haki ya kusema kwamba sheria anayoshtakiwa nayo si halali, awe muumini, asiye muumini au kampuni, kwa kuwa hakuna anayeweza kutiwa hatiani kwa sheria iliyo kinyume cha Katiba.

Kisha ikaja hoja ya mwisho ya utetezi, ambayo naiona ndiyo inayosikika zaidi nje ya mahakama hadi leo: siku ya mapumziko ya pamoja ni lazima iwe siku fulani, na ya wengi ndiyo rahisi zaidi. Wengi wape. Dickson hakuipokea. Kusema sheria inafaa kwa sababu imechagua siku ya Wakristo walio wengi ni kuitetea kwa kosa lilelile inaloshtakiwa nalo. Uhuru wa dini, kwa maelezo yake, maana yake ya kwanza ni kutoshurutishwa, na walio wengi hawana ruhusa ya kumtwisha Myahudi, Mwislamu au asiye na dini ibada ya siku yao kwa mkono wa polisi.

Majaji wote walifika mahali pamoja. Bertha Wilson, mwanamke wa kwanza kuketi katika mahakama hiyo, alifika kwa njia yake. Kwake Mkataba wa Haki unatazama athari. Huna haja ya kuchimba moyoni mwa wabunge wa mwaka 1906. Tazama sheria inamfanya nini mtu aliye mbele yako leo. Mwaka 1985 tofauti hiyo ilionekana kama ya wasomi tu. Mwaka uliofuata ikawa ndiyo kesi yenyewe.

Ontario: mlango uleule, jina jingine

Hukumu ya Big M ingeweza kusomwa kama fundisho kwa waandishi wa sheria: ondoa jina la Bwana, uandike likizo. Ontario ilikuwa imekwisha kufanya hivyo. Tume yake ya marekebisho ya sheria ilitoa ripoti mwaka 1970 ikipendekeza siku moja ya mapumziko ya pamoja kwa misingi isiyo ya kidini, na mwaka 1975 jimbo likatunga sheria ya sikukuu za biashara ya rejareja. Jumapili iliwekwa humo pamoja na Krismasi, Mwaka Mpya na sikukuu nyingine. Maduka madogo ya vyakula, tumbaku na kazi za mikono yaliruhusiwa. Palikuwa na msamaha mwingine pia, na huo ndio kiini cha kisa: duka lililofungwa Jumamosi lingeweza kufunguliwa Jumapili, mradi wanaohudumia wateja wasizidi 7 na eneo la kuuzia liwe chini ya futi za mraba 5,000.

Wafanyabiashara wanne walifika mahakamani. Mmoja alikuwa na duka la vitabu, mwingine duka la makoti ya manyoya, wa tatu soko la matunda. Wa nne, Nortown Foods, aliuza vyakula vya kosher, yaani vilivyo halali kwa sheria ya dini ya Kiyahudi, na wateja wake wengi walikuwa Wayahudi. Nortown ilifungwa Jumamosi kwa sababu ya Sabato na kufunguliwa Jumapili. Shida yake ilikuwa ya hesabu: siku hiyo wahudumu walizidi 7. Ilikuwa halali mpaka mtu wa nane alipovaa aproni.

Dickson aliandika tena, na sasa upepo ulivuma upande mwingine. Lengo la sheria hii aliliona kuwa la kidunia kweli: kuwapa wafanyakazi wa maduka siku moja waliyo nayo pamoja na watu wao. Alieleza raha za siku hiyo kwa undani usio wa kawaida katika hukumu: kumtembelea bibi, kumtazama mtoto akicheza mechi, kuogelea, kupeleka familia kuona wanyama. Wafanyakazi wa rejareja, aliona, wana nguvu ndogo ya kujadiliana. Wachache wamo katika vyama, wengi ni wanawake, mishahara ni midogo. Ndipo akaonya kwamba mahakama ziangalie Mkataba wa Haki usigeuke kuwa chombo cha watu wenye nafasi nzuri cha kuvunja sheria zilizotungwa kuwanufaisha wasio na nafasi. Ukiiweka sentensi hiyo kando ya Big M, kampuni iliyoshinda kwa hoja ya dhamiri isiyokuwa nayo, utaona kama Jaji Mkuu anajijibu mwenyewe.

Lakini hakusema hakuna anayeumia. Baadhi ya majaji wenzake, Beetz na McIntyre, walisema hivyo: anayefunga Jumamosi anapoteza Jumamosi kwa uamuzi wa imani yake, serikali haikumgusa. Hoja hii inavutia mpaka uifanyie hesabu, na Dickson aliifanya. Bila sheria, muuzaji Myahudi angefanya biashara siku sita, na jirani yake Mkristo siku sita. Wako sawa, kila mmoja amelipa siku yake kwa Mungu wake. Sheria ikija, Mkristo anabaki na sita, Myahudi anabaki na tano. Siku ya kwanza imechukuliwa na imani. Ya pili imechukuliwa na Ontario. Kwa hiyo, alisema Dickson, uhuru wa dini umeguswa. Ila umeguswa kwa sababu nzito na kwa kiasi kinachovumilika, hasa kwa kuwa msamaha wa maduka madogo umepunguza maumivu. Sheria ikasimama na Nortown ikashindwa. Jaji La Forest alikwenda mbali zaidi akasema jimbo lingeweza kutunga sheria hiyo hata bila msamaha wowote. Wilson alibaki peke yake kwa upande wa Nortown: ukikubali kwamba mwenye kushika Jumamosi anastahili msamaha, huwezi kuwagawa watu wa imani moja kwa ukubwa wa duka, huyu umlinde na yule umwache.

Namba 7

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana namba hiyo ndogo imebeba kila kitu.

Dickson aliitetea kwa hoja mbili. Ya kwanza: duka likiwa kubwa, wafanyakazi wa kulindwa ni wengi. Ya pili: ukitoa msamaha kwa kila anayeshika Jumamosi, itabidi mtu fulani aulize kama imani yake ni ya kweli, na serikali kumhoji mfanyabiashara juu ya sala zake ni aibu kwa pande zote. Kupima duka kwa futi na kwa vichwa hakuhitaji swali hilo. Hoja ya pili ni nzuri, na wanaomsifu Wilson huipita haraka mno.

Ya kwanza ndiyo inayonisumbua. Kumbuka sharti la msamaha: duka lifungwe Jumamosi. Mfanyakazi wa Nortown anapumzika siku nzima kila wiki, awe wa saba au wa nane. Kama sheria ingekuwa ya mapumziko, mapumziko anayo. Anachokosa ni Jumapili, na Jumapili ina thamani tu kwa sababu mke wake, watoto wake na rafiki zake nao wako nyumbani siku hiyo. Yaani mapumziko peke yake hayahitaji Jumapili. Unaweza kumpa kila mtu siku yake kwa zamu na kila mwili ukapata usingizi. Kinachohitaji siku moja kwa wote ni kukutana. Sheria ya Jumapili ikitetewa kwa uchovu wa wafanyakazi inatetewa vibaya. Itetewe kwa kukutana, la sivyo iachwe.

Ukiipokea hoja hiyo, namba 7 inaanza kuonekana tofauti. Kukutana na nani? Kama wafanyakazi wa Nortown wangekuwa wote wa jamii ya mwenye duka, ndugu zao wangekuwa nyumbani Jumamosi, na kuwafungia Jumapili hakuwakutanishi na yeyote. Kama si wa jamii hiyo, Jumamosi ya tajiri wao haiwasaidii, wanaihitaji Jumapili. Dickson aliliona hili. Alisema wazi kwamba imani ya mwajiri si lazima iwe ya mwajiriwa, na duka likiwa kubwa uwezekano wa kutofautiana unakua. Hapo ndipo mantiki ya kuhesabu vichwa inapatikana: duka la watu watatu huenda ni la familia, la watu ishirini huenda si la familia. Ni kukisia kwa busara, lakini ni kukisia. Na Mwislamu ambaye siku yake kubwa ni Ijumaa hayumo kabisa, maana msamaha unaijua Jumamosi tu. Mtego wa panya hunasa waliokuwamo na wasiokuwamo.

Tofauti moja kati ya sheria hizi mbili nitaitetea hata hivyo, dhidi ya Wilson na watu wa athari tupu. Sheria ya 1906 na ya 1975 zilifunga mlango uleule siku ileile, lakini hazikumwambia mwenye mlango neno lilelile. Ya kwanza ilimwambia kuwa siku yake si takatifu, ya nchi ndiyo takatifu. Ya pili ilimwambia kuwa kuna gharama na yeye ameangukia upande mbaya wa hesabu. Gharama inaweza kupunguzwa kwa msamaha, kwa kurekebisha saa, kwa kuongeza namba kutoka 7 hadi 15. Tusi la kwanza halipunguzwi kwa msamaha wowote, kwa sababu msamaha wenyewe ni kumwambia mtu kuwa anavumiliwa. Kwa hiyo lengo lina uzito. Haliwezi tu kuwa jibu la mwisho.

Mstari wa ukubwa una udhaifu mwingine usioonekana katika karatasi za mahakama: hupimwa kwa futi, na kuta hujengwa. Nova Scotia, jimbo lililochelewa kuliko mengine ya Kanada kuacha sheria ya Jumapili, liliwaruhusu wenye maduka ya vyakula yasiyozidi futi za mraba 4,000. Katika kura ya maoni ya Oktoba 2004 wapiga kura walio wengi walisema maduka makubwa yabaki yamefungwa. Kilichofuata ni maduka makubwa kujigawa ndani kwa ndani: kitengo cha mikate kikasajiliwa kama duka, cha nyama kama duka, cha matunda kama duka, kila kimoja chini ya kipimo, vyote chini ya paa moja. Serikali ikatunga kanuni za kuziba mwanya huo. Tarehe 4 Oktoba 2006 mahakama ya jimbo ikaamua kuwa kanuni hizo zimevuka mamlaka ya serikali, na waziri mkuu wa jimbo, Rodney MacDonald, akaacha maduka yafunguliwe. Hakuna aliyetaja dini. Sheria ambayo wananchi waliipigia kura miaka miwili kabla iliangushwa na mbao za kugawia vyumba.

Mlango au mtu

Ontario yenyewe haikudumu na ushindi wake wa 1986. Juni 1992 serikali ya Bob Rae, ya chama kilichoungwa mkono na vyama vya wafanyakazi na ambacho mwanzoni kilitetea siku ya mapumziko ya pamoja, ilitangaza kuwa maduka yanaweza kufunguliwa Jumapili.

Ningeulizwa mwaka 1986 sheria iandikweje, ningesema isilinde mlango, imlinde mtu. Kufunga duka ni njia ya mzunguko ya kumpa mfanyakazi Jumapili. Inamkamata pia mwenye duka anayeuza peke yake, inamkamata mwenye Sabato nyingine, inamwacha nje mhudumu wa hoteli na dereva wa basi, ambao hakuna anayewatungia sheria ingawa nao wana watoto wenye mechi. Mfanyakazi akipewa haki ya kusema "Jumapili siji" bila kufukuzwa, mlango unaweza kubaki wazi kwa wanaotaka kuuza. Waingereza walichanganya njia hizi mbili katika sheria yao ya mwaka 1994 kwa Uingereza na Wales: duka linalozidi meta za mraba 280 hufunguliwa Jumapili kwa saa sita tu mfululizo, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mfanyakazi wa duka akapewa haki ya kujitoa kazi ya Jumapili kwa kutoa taarifa ya miezi mitatu. Wanaopinga watasema haki ya kukataa ni karatasi tu, kwamba msimamizi hatamfukuza mtu, atampunguzia tu zamu za siku nyingine. Ni pingamizi la kweli. Haki inayomtaka mnyonge anyooshe mkono peke yake ni dhaifu kuliko mlango uliofungwa kwa wote, na hapo Dickson alikuwa na jambo ambalo wapenda soko huria hawalijibu. Saa sita za Waingereza naziona kama jibu la nusu: angalau asubuhi au jioni inabaki ya nyumbani bila mtu kuomba ruhusa.

Ontario nayo iliandika haki ya kukataa katika sheria yake ya ajira. Wafanyakazi wa rejareja walioajiriwa kabla ya tarehe 4 Septemba 2001 wanaweza kuikataa kazi ya Jumapili. Walioajiriwa kuanzia siku hiyo wanaweza pia, isipokuwa kama walikubali kuifanya wakati wa kuajiriwa. Na nani anayeomba kazi ya dukani hukataa sharti siku ya usaili? Kwao umebaki mwanya mmoja: aliyekwisha kukubali bado anaweza kukataa kwa sababu za imani yake ya dini. Muumini atakwenda kwa msimamizi na kulitaja kanisa lake, na swali ambalo Dickson hakutaka serikali imuulize mwenye duka litakaa kati yao wawili juu ya kaunta. Mwenzake anayetaka tu kumtembelea bibi hana la kutaja.